Barua kwa mwanangu: Kwa nini tuliwashukuru walimu wako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami nimeisoma kwa makini. Umeniuliza kwa nini mimi na mama yako tuliuandikia uongozi wa shule yako barua ndefu ya shukrani mwaka 2020, mwaka ambao wenzako wengi husema hamkusoma chochote zaidi ya kukodolea macho simu. Umeuliza pia kama umechelewa kumshukuru mwalimu wako wa hisabati, sasa ukiwa umekwisha kuhitimu chuo. Nitayajibu yote mawili, ingawa la kwanza litachukua nafasi kubwa zaidi, kwa sababu lina mambo ambayo sisi wazazi tuliyaona na ninyi wanafunzi hamkuwa na nafasi ya kuyaona.

Sikubaliani na hilo la kwamba hamkusoma chochote. Hasara ilikuwepo, tena kubwa. Shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, UNESCO ilieleza kuwa wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 katika nchi zaidi ya 190 walikatiziwa masomo, na wengi miongoni mwao hawakuwa na kompyuta wala intaneti nyumbani. Mtoto wa namna hiyo akisema mwaka ule ulimpotea, hakuna wa kumbishia. Wewe ulikuwa na simu na mtandao wa kuridhisha, lakini simu haimfundishi mtu kwa kuwashwa tu. Kufundishana kwa mbali kulikuwepo kabla hatujazaliwa: mwaka 1951, huko Alice Springs nchini Australia, watoto waliokaa kwenye mashamba ya mbali walianza kusomeshwa kwa redio za huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege. Masomo yale yaliwezekana kwa sababu upande wa pili wa redio alikuwepo mwalimu anayemjua mtoto kwa jina na kulisubiri jibu lake. Hilo ndilo tulilolitafuta katika masomo yako, na kwa baadhi ya walimu wako tulilipata kwa ukamilifu.

Kabla ya hapo, mwanangu, tuliijua kazi ya walimu wako kwa ripoti ya mwisho wa muhula na kwa vikao vya wazazi. Tulilipa ada, tukatazama alama na nafasi yako darasani, tukaridhika au tukakuuliza kulikoni. Alama hueleza mtoto amefika wapi, lakini hazielezi nani alimfikisha wala kwa njia gani. Vipindi vilipohamia sebuleni kwetu, nami nikawa nafanya kazi zangu kwenye meza ya pili, ndipo nilipoanza kuusikia ufundishaji wenyewe kwa masikio yangu.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzito. Ratiba ya darasani ilihamishiwa mtandaoni kama ilivyo, vipindi vikafuatana tangu asubuhi hadi alasiri, mwalimu akizungumza peke yake mbele ya kamera zilizozimwa. Wazazi tulilalamika, na tulikuwa na haki. Kilichotugusa ni jinsi shule ilivyoyapokea malalamiko hayo: walimu wa madarasa walimpigia kila mzazi kumuuliza nyumbani kuna kifaa gani, kinatumiwa na watoto wangapi na kinapatikana saa ngapi, kisha ratiba nzima ikavunjwa na kupangwa upya. Maelezo ya somo yakawa yanatumwa mapema katika rekodi fupi za sauti na picha za kurasa, ili yasimalize bando, na muda wa kukutana moja kwa moja ukaachiwa maswali na mazoezi. Mtoto aliyetegemea simu ya mzazi anayerudi jioni aliwekewa kipindi cha jioni. Uongozi unaokubali kuibomoa ratiba yake katikati ya muhula, kwa sababu umewasikiliza wazazi, unastahili kuambiwa kwamba ulifanya vyema.

Sasa nije kwa mwalimu wako wa hisabati, ambaye kwa hakika ndiye aliyetufanya tuchukue kalamu. Aliitundika simu yake juu ya meza, ikawa inaonyesha karatasi na mkono wake tu, akawa anaandika hatua kwa hatua huku akieleza anachofikiri kabla hajaandika. Akishauliza swali alinyamaza. Kwa mara ya kwanza nilidhani mtandao umekatika. Baadaye nilisoma kuhusu mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechapisha mwaka 1974 matokeo ya uchunguzi wake katika madarasa ya sayansi nchini Marekani: walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, kisha hujijibu wenyewe au humhamia mwanafunzi mwingine, lakini wanaposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Mwalimu wako alikuwa akisubiri zaidi ya hapo, mtandaoni, mahali ambapo kimya huonekana kama hitilafu, na mara nyingi sauti iliyokivunja kimya hicho ilikuwa yako.

Usahihishaji wake nao sitausahau. Ulikuwa ukipiga picha ya daftari na kuituma, nayo inarudi ikiwa na duara jekundu mahali pamoja tu. Nakumbuka duara moja lililozunguka mstari wa tatu wa mlinganyo, na pembeni ameandika: «Alama ya kutoa imekwenda wapi?» Hakukupa jibu. Ulikaa na lile daftari mpaka ukagundua kwamba ulipofungua mabano hukubadilisha alama ya namba ya pili, kisha ukayarudia maswali yote ya ukurasa ule bila kuambiwa na mtu. Mwalimu mwenye madaftari ya darasa zima kwenye kioo kidogo cha simu angeweza kuweka alama ya kosa na kuendelea, na hakuna mzazi ambaye angemlaumu.

Kisha kulikuwa na yale maswali machache ya asubuhi, yasiyo na alama, kuhusu mada za wiki iliyotangulia, ambayo uliyaona kama usumbufu. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006, wanafunzi waliosoma habari kisha wakajipima kwa kuikumbuka waliiweza zaidi baada ya wiki 1 kuliko wale walioisoma tena, ingawa baada ya dakika 5 tu waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Mwalimu wako alikuwa akiwajengea kumbukumbu ya kudumu, na alikubali mnung'unike.

Hatukuwashukuru walimu wote kwa kipimo kimoja, na katika barua ile tulisema hivyo kwa heshima. Masomo ya maabara yalipwaya, kwa kuwa picha ya jaribio haimfundishi mtoto kushika chombo. Wapo waliosoma slaidi neno kwa neno hadi kipindi kikaisha. Tuliona kwamba shukrani zetu zisingekuwa na uzito kama tungemsifu kila mtu kwa kila jambo.

Wakati huohuo, katika kundi la wazazi mjadala wa ada ulikuwa umepamba moto. Suala la ada lilikuwa halali, maana kuna huduma ambazo shule haikuzitoa miezi ile na mzazi ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Lakini polepole maneno yakawageukia walimu, wakasemwa kana kwamba wamekaa nyumbani wanapumzika, ilhali wengine walikuwa wakitumia bando lao wenyewe, usiku, baada ya kuwalaza watoto wao. Hilo lilituuma mimi na mama yako. Ndipo tukaandika, tukitaja rekodi fupi, kipindi cha jioni, kimya baada ya swali na duara jekundu, tukaomba mambo hayo yaendelee hata shule zitakapofunguliwa. Mkuu wa shule alitujibu kwamba aliisoma barua yetu katika kikao cha walimu.

Kuhusu swali lako la pili, hujachelewa hata kidogo. Mwandikie mwalimu wako kwa jina lake, na usimwambie tu kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Mweleze habari ya ile alama ya kutoa, na jinsi unavyoyakagua mabano hadi leo katika hesabu za kazini. Nakala mpelekee mkuu wa shule, ili iwekwe kwenye jalada la mwalimu huyo, kwa sababu siku atakapofikiriwa kupandishwa cheo, maneno ya mwanafunzi aliyemfundisha yatakuwa na thamani kuliko ya mzazi. Ukiwa tayari, nitumie nami niisome kabla hujaituma.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako akupendaye.