Zawadi ya Sikukuu Mpe Mwalimu wa Mwaka Jana

Mwaka ule Idi ilianguka mwezi Mei, mitihani ya kufunga muhula ikiwa mlangoni. Nilikwenda Ngamiani, hapa Tanga, nikanunua doti mbili za kanga: moja yangu, nyingine ya mwalimu wa mwanangu wa pili, aliyekuwa darasa la tatu. Jina la ile ya mwalimu lilikuwa "Wema hauozi". Nililichagua kwa makini, kwa sababu kanga inasema, na ukichukua jina ovyo unaweza kumpelekea mtu matusi ukidhani umempelekea zawadi. Nikaikunja vizuri, nikaongeza pakiti ya tende, nikaipeleka shuleni mwenyewe kabla kengele ya asubuhi haijagongwa.

Mwalimu alifurahi kweli. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mama, ahsante sana kwa kunikumbuka, Mungu akuzidishie." Na mimi, wakati naaga, nikaongeza lile neno ambalo wazazi wengi tunalisema: "Haya mwalimu, na huyo mwanao umwangalie basi."

Wiki iliyofuata mwanangu alirudi amechangamka, amehamishiwa dawati la mbele. Nilifurahi, sitaficha. Darasa lao lilikuwa na watoto zaidi ya tisini, wanne wanne kwenye dawati moja, na anayekaa nyuma husikia zaidi kelele za wenzake kuliko sauti ya mwalimu.

Siku kama kumi baadaye nilikuwa nimesimama kwa jirani yangu anayekaanga mihogo jioni, nasubiri yangu itolewe kwenye karai. Binti yake alisoma darasa moja na mwanangu. Huku akigeuza mihogo, jirani akaniambia kwamba mtoto wake ana macho mabovu, haoni mbali, tangu Januari alikuwa anakaa mbele, na sasa amerudishwa nyuma. Daftari linarudi nyumbani nusu tupu. "Nimemuuliza, anasema hadi mwenzake aandike ndipo naye aige." Hakunitajia nani anakaa pale mbele siku hizi, na mimi sikuwa na haja ya kuuliza.

Kesho yake nilirudi shuleni, nikamweleza mwalimu. Aliinamisha kichwa, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sikukusudia, mama. Uliponiambia nimwangalie, nikaona nimwangalie." Siku hiyo hiyo yule binti alirudishwa mbele.

Nalisimulia jambo hili kwa kirefu kwa sababu kila Idi na kila Krismasi ikikaribia wazazi wenzangu huniuliza kama ni vizuri kumpa mwalimu zawadi, na jibu langu limetokana na dawati lile. Yule mwalimu hakuwa mla rushwa. Hakuniomba kitu. Alifanya kile ambacho sisi sote tumelelewa kufanya: ukitendewa wema, unarudisha wema. Tatizo ni kwamba wema alionirudishia haukuwa wake. Ulikuwa wa mtoto wa muuza mihogo.

Dada yangu mkubwa amefundisha shule za msingi zaidi ya miaka ishirini, na nilipompelekea habari hii hakushangaa hata kidogo. "Mdogo wangu," aliniambia, "ukishapokea, jina la yule mtoto halikutoki kichwani. Unasahihisha daftari lake, kalamu yenyewe inakuwa nyepesi. Wala huoni kama unapendelea." Akaniambia pia kwamba walimu wengi hupata tabu mtoto anapoingia darasani na mfuko wa zawadi mkononi. Ukiukataa umemvunja moyo mtoto mbele ya wenzake. Ukiupokea, macho themanini na zaidi yanakutazama, na kila mtoto anapiga hesabu ya nini mama yake hakuleta. Kwa hiyo, kama unatoa, usimtume mtoto. Hili kwangu halina mjadala.

Wapo wanaosema hii ni mila yetu, mkono mtupu haulambwi, na aliyesoma madrasa anajua namna tulivyolelewa kumkumbuka ustadhi kila sikukuu. Nawaelewa. Lakini nchi yetu ilishalipitia jambo hili mbele ya sheria. Wenye umri wangu wanaikumbuka takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu watu kwa nia njema, eti ni ukarimu wa kimila. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Mpaka kati ya takrima na rushwa haukuwa unaonekana, na mgombea mwenye kipato kidogo aliachwa nyuma na mwenye nacho. Nikilisoma hilo la pili, namwona jirani yangu na karai lake. Yeye hana doti ya kanga ya kugawa. Mwanawe asipimwe kwa hilo.

Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimbani anayepokea peke yake. Anayetoa kitu ili apendelewe, au kama malipo ya kupendelewa, naye ana kosa. Kwa hiyo lile neno langu, "umwangalie basi", ndilo lililokuwa na sumu. Kanga ingeweza kuwa shukrani tu. Neno ndilo lililoigeuza kuwa ombi.

Sasa, je, tusitoe kabisa? Hapana. Mwalimu wa shule ya msingi wa nchi hii anabeba mzigo mzito, na kumshukuru ni haki yake. Mimi bado natoa. Ila nimebadilisha mtu na nimebadilisha wakati.

Zawadi iliyo salama kuliko zote ni ile unayompa mwalimu ambaye hamfundishi tena mwanao. Mwalimu wa mwaka jana. Yule aliyemfundisha kusoma darasa la kwanza, ambaye leo mtoto yuko la nne na hakuna anayemkumbuka. Huyo hana alama za kumwongezea mwanao, hana dawati la kumpa, hana ripoti ya kumwandikia. Chochote utakachompa ni shukrani na hakiwezi kuwa kitu kingine. (Kama mdogo wake na huyo mwanao yuko kwenye darasa la mwalimu huyo huyo, subiri naye avuke.) Tangu nianze kufanya hivi nimegundua kwamba walimu hawa hufurahi kupita kiasi, kwa sababu hawakutegemea. Mmoja aliniuliza mara mbili kama sikukosea mtu.

Kama moyo wako hautulii mpaka umpe wa sasa, basi angalia kalenda. Krismasi ina nafuu: shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, ripoti zimeshatoka, na mara nyingi Januari mtoto anahamia kwa mwalimu mwingine. Idi ndiyo ngumu, maana inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka mmoja itaangukia likizo, miaka michache baadaye iko katikati ya muhula, wiki moja kabla ya mtihani. Sisi Waislamu tusijifungie kwenye tarehe. Ukimpelekea mwalimu sahani ya pilau siku ya Idi kama unavyowapelekea majirani, hiyo ni pilau ya Idi, inaliwa inakwisha. Kitambaa, pesa, simu, hivyo visubiri ripoti.

Pesa mimi sitoi kabisa, iwe mkononi au kwa simu. Sijawahi kuona namna ya kumtumia mwalimu pesa ambayo haitamfanya ajiulize anadaiwa nini.

Chakula cha pamoja ni kizuri. Sinia linaloingia ofisi ya walimu wakala wote, pamoja na mlinzi na mama anayefagia, halimfungi mtu mmoja. Katoni ya chaki au rimu ya karatasi kwa darasa zima nayo ni zawadi, na mwalimu anayejinunulia kalamu nyekundu kwa mshahara wake ataithamini kuliko unavyodhani.

Nije kwenye grupu la WhatsApp, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia siku hizi. Mnajua ule ujumbe: "Wazazi wenzangu, tumchangie mwalimu wetu sikukuu, elfu tano tano." Inafuata orodha, majina ya watoto moja mpaka mwisho, na alama ya vema mbele ya waliolipa. Kila jioni orodha inarudishwa. Kufikia siku ya tatu imebaki mistari michache mitupu, na kila mtu anaisoma mistari hiyo. Mwaka mmoja mzazi alijitoa kwenye grupu usiku, bila neno. Tuliofahamu hali yake tulijua kwa nini: mume alikuwa amelazwa, na elfu tano ilikuwa unga wa siku mbili. Na alipojitoa, akakosa pia taarifa za shule zilizokuwa zikitumwa humo.

Serikali ilipoanzisha elimu bila malipo Januari 2016, lengo lilikuwa mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu ya mfuko wa mzazi wake. Sisi wazazi tusiirudishe ada kwa jina la sikukuu. Kama ni lazima mchange, mtu mmoja apokee, asiandike majina, asitaje kiwango, asirudie ujumbe zaidi ya mara moja, na kadi isainiwe "wazazi wa darasa" hata kama waliotoa ni sita. Nimeshapendekeza hivi kwenye grupu letu. Wawili walinikasirikia, wengi walinitumia ujumbe pembeni kunishukuru.

Mwalimu akikuomba mwenyewe, au akimtuma mtoto aje na maneno ya "mwambie mama sikukuu inakuja", hapo hakuna zawadi tena. Usibishane naye mbele ya mtoto. Nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Namba 113 ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, ipo na haitozi. Wazazi huogopa kwamba mtoto atabanwa, na hofu hiyo naielewa, kwa hiyo nenda na mzazi mwenzako, msiwe mmoja.

Kitu ambacho dada yangu amekitunza katika miaka yake yote ya ualimu hakikununuliwa dukani. Anayo bahasha ya kaki kabatini, ndani yake mna barua kama kumi hivi kutoka kwa wazazi. Moja imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, ile ya vyumba vyumba. Mzazi anamweleza kwamba mwanawe alikuwa haongei shuleni, na siku fulani alirudi nyumbani akiimba wimbo mzima wa silabi. Vitenge alivyopewa, ananiambia, vingine hakumbuki vilitoka kwa nani. Barua anazikumbuka zote. Kama unaandika, usiandike "ahsante kwa yote". Taja siku, taja jambo, taja alichofanya. Ukiweza, nakala mpelekee mwalimu mkuu, iingie kwenye faili lake. Tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, ni siku nzuri ya kufanya hivyo, na haina dini wala gharama.

Mwaka jana wale watoto wetu walimaliza darasa la saba. Jirani yangu alikuja nyumbani jioni moja na binti yake, akaniomba nimsaidie kuandika barua kwa yule mwalimu wa darasa la tatu. Nikamwambia mwandishi tunaye. Tukakaa barazani, mama anataja, binti anaandika, anafuta, anaandika tena. Habari ya dawati nilikuwa nimeshamweleza jirani yangu siku nyingi nyuma. Aliyasikiliza yote, akaniambia yameisha.

Barua tuliipeleka watatu. Mwalimu aliisoma amesimama mlangoni mwa ofisi, mpaka mwisho, kisha akamshika binti kidevu, akamwinua uso.

"Na macho? Ubaoni unaona?"

"Naona, mwalimu. Nimepata miwani."