Pampu ya petroli ya Beetle: pima pushirodi kabla hujakaza nati

Injini ya Volkswagen Beetle ikifanyiwa ovahoo, pesa na macho ya kila mtu huishia kwenye pistoni, silenda na beringi. Pampu ya petroli hufungwa mwisho, haraka haraka, mwenye gari ameshasimama pembeni anataka kusikia mlio. Hapo ndipo ninapomwomba fundi atulie. Pampu ile yenye nati mbili tu inaweza kuziua beringi mpya kabla hujazifaidi.

Haitumii umeme hata kidogo. Krenki, mhimili mkuu wa injini, huzungusha shafti ya distributa, na shafti hiyo ina kemu ndogo (nundu ya chuma) ambayo pushirodi, kijiti cha chuma cha kusukumia, husimama juu yake. Krenki ikizunguka mara mbili, pushirodi hupanda na kushuka mara moja. Ikipanda husukuma mkono wa pampu, mkono huvuta dayaframu (utando unaonyumbuka ndani ya pampu), na petroli hutoka kwenye tangi kule mbele ya gari. Ikishuka, springi huisukuma dayaframu na petroli huelekea kwenye kabureta. Kwa hiyo urefu wa pushirodi unaojitokeza ndio unaoamua kama kabureta itashiba, itakaa na njaa, au itafurika.

Pushirodi ziko za aina mbili. Pampu ya injini inayochaji betri kwa dainamo, ile ya zamani, hutumia ya milimita 108, na ile ya injini ya alteneta, iliyolala kidogo ili ipishane na alteneta, hutumia ya milimita 100. Injini nyingi za huku kwetu zimeunganishwa kwa spea za magari tofauti, kwa hiyo usiamini kwamba uliyoikuta ndani ndiyo yenyewe. Ipime.

Anza na kile kitako cha plastiki nyeusi kinachokaa kati ya pampu na injini, gasketi (karatasi ya kuziba) moja chini yake na nyingine juu. Tafadhali, kitako kitangulie na pushirodi ifuate. Ukiidumbukiza pushirodi kwenye tundu tupu inaweza kupitiliza hadi ndani ya injini, na injini uliyoifunga jana utaifungua leo. Kisha zungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye nati ya puli ya dainamo, huku ukiangalia pushirodi inavyopanda. Ikifika juu kabisa, ijitokeze milimita 13 kutoka usawa wa gasketi ya juu. Ikishuka kabisa, ibaki karibu milimita 8. Ikizidi 13, ongeza gasketi chini ya kitako. Ikipungua, punguza gasketi au tafuta pushirodi ambayo haijalika.

Paka grisi ya kutosha sehemu ya chini ya pampu, pale mkono unapofanyia kazi. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu kitako kile hupasuka kikibanwa upande mmoja. Injini ikishapata moto na kupoa, zipitie tena.

Vipimo vikikaa sawa, bado weka geji ya presha kwenye mpira unaokwenda kabureta. Kabureta ya Beetle inataka presha ya kama psi 3 (pauni kwa inchi ya mraba). Nimeona pampu mpya za dukani, zinang'aa vizuri, zikisukuma zaidi ya hapo mpaka sindano ya kabureta inashindwa kuzuia. Petroli ya ziada huingia kwenye silenda, huosha oili kwenye kuta zake na kushuka chini kwenye oili ya injini. Dayaframu ikichanika pia, petroli huelekea huko huko. Injini hii hubeba lita 2.5 tu za oili, kwa hiyo petroli kidogo inatosha kuifanya nyepesi mpaka isilinde kitu, hata beringi.

Mipira ibadilishe yote na uifunge kwa klipu. Filta iweke mbali na injini, chini ya tangi, isining'inie juu ya distributa. Mpira ukichomoka hapo, cheche ziko jirani.

Kuna mafundi watakaokushauri uitupe na ufunge ya umeme. Mimi sikubali. Pampu ya kemu husimama pale injini inaposimama, hata gari likipinduka, wakati ya umeme isiyo na swichi ya usalama huendelea kumwaga petroli. Na kama ni suala la uimara, Tommy Fjastad na Bernard Schmider walishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 kwa Volkswagen 1200, gari lenye pampu ya aina hii hii.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, jaza bakuli la kabureta petroli kwa bomba la sindano ili usiichoshe betri. Halafu wiki za mwanzo, kila asubuhi chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, au inanuka petroli, usiwashe. Mwaga oili yote, fungua pampu, upime upya.