Uliza Mwalimu: Sentensi zangu mbona zimekatika katika?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi niko S.3 (kidato cha tatu) hapa Jinja, Kiswahili nakipenda sana ila kila insha inarudi na wino mwekundu, mwalimu wangu anaandika "unganisha sentensi". Nikiunganisha naweka "na" au "ambaye" kila mahali, bado maksi zinakatwa. Mfano niliandika hivi: Mama ana duka. Duka liko sokoni. Duka linauza samaki. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Jinja

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo sentensi tatu hazina kosa, ni sentensi sahili na kila moja imekamilika, shida ni kwamba msomaji anaachiwa kazi ya kutafuta zinahusiana vipi. Kwa hiyo kabla hujaweka neno lolote jiulize, hii ni sababu ya ile? Imetangulia? Zinapingana? Au hii inaeleza tu ni kitu kipi? Ukishajua uhusiano, neno la kuunganisha linakuja lenyewe.

Kwako wewe unaeleza ni duka lipi, basi unahitaji kirejeshi, yaani kile kinachorejelea nomino uliyokwisha kuitaja. Duka liko ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ni "ambalo", hiyo "ambaye" waachie watu na wanyama. Andika: Mama ana duka sokoni ambalo linauza samaki. Au fupi, ambayo mi naipenda zaidi: Mama ana duka sokoni linalouza samaki. Lakini chagua moja, maana "ambalo linalouza" ni kurejesha mara mbili, na hili kosa nalisikia Kampala, nalisikia Gulu, hata kwa watu wazima wanaoongea vizuri kabisa. Ukiwa na -me- kwenye kitenzi hapo huna ujanja, lazima amba-: mgeni ambaye amefika. Wakati ujao ukitaka kwa kifupi ni "atakayefika", usiseme "atayefika".

Na hiyo "na" yako, kama matendo yanafuatana tumia -ka-: nilienda sokoni nikanunua samaki nikarudi. Inatosha.

Sasa fanya zoezi na mambo ya kweli ya hapa kwetu. Chukua hizi: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005. Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kiwe somo la lazima mashuleni. Ukisema "Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, kilipitishwa Julai 2022 kiwe somo la lazima", unatoa habari tu. Lakini sema "Ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, ni Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipopitisha kiwe somo la lazima", hapo sasa msomaji anasikia kabisa kwamba tumechelewa miaka mingi, na miaka ni ile ile! Hii ndo sababu nataka ujifunze kuunganisha, maksi zitakuja zenyewe. Kila siku andika sentensi fupi mbili za mambo uliyoyaona, uziunganishe njia tatu tofauti, usome kwa sauti uone kila njia inasema nini.

SWALI: Mwalimu, nasafirisha mizigo Mutukula mpakani na Tanzania, mteja wangu wa Bukoba anasema "ingawa" na "lakini" havikai pamoja. Ni kweli?
Msomaji, Mutukula

JIBU: Ni kweli ndugu yangu, kwenye maandishi chagua moja. "Ingawa mvua ilinyesha, mzigo ulivuka" ni changamano, kwa sababu kipande cha "ingawa" hakiwezi kukaa peke yake. "Mvua ilinyesha lakini mzigo ulivuka" ni ambatano, pande zote mbili zinajitegemea. Na kwa vile unaandikia wateja, angalia na "ili" pia, watu wengi huandika "ili mzigo unafika", sahihi ni "ili mzigo ufike".