Picha za Setilaiti: Nizipakue Kigoma au Nihamie Kwenye Wingu?

Swali: Ninafanya utafiti Kigoma, nikilinganisha picha za Landsat (setilaiti za Marekani) za tangu miaka ya 1980 ili kupima upungufu wa misitu ya miombo wilayani Uvinza. Picha hizo zinafikia gigabaiti 300. Je, nizipakue kisha nizipandishe kwenye wingu (kompyuta za mbali zinazotumiwa kupitia intaneti), au ninunue kompyuta kubwa zaidi?

Jibu: Ndugu mtafiti, usifanye lolote kati ya hayo. Kwa intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti moja hupakuliwa kwa zaidi ya saa moja, kwa hiyo 300 zingechukua takriban wiki mbili usiku na mchana, na hapo umeme uwe haujakatika. Kuzipandisha tena ni kurudisha maji kisimani, kwa kuwa picha hizo tayari zimehifadhiwa kwenye wingu. Kinachopaswa kusafiri ni programu yako, yaani maagizo ya uchambuzi, ambayo ni faili la kilobaiti chache.

Anza na Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchambua picha za setilaiti kwenye kompyuta zake, ambayo ni bure kwa utafiti usio wa kibiashara, ingawa matumizi yana ukomo. Chagua picha za miezi ileile kila mwaka, hasa Mei na Juni, mvua zikiwa zimekwisha na miombo mingi bado haijapukutisha majani. Usipofanya hivyo, kompyuta itahesabu kiangazi kuwa ukataji miti.

Ikiwa uchambuzi wako unahitaji programu zisizoendeshwa humo, kodi seva (kompyuta ya mbali) ya Amazon katika kanda, yaani eneo lenye vituo vyake vya data, ya Oregon, Marekani, iliko hazina ya Landsat. Wengi huchagua Cape Town kwa sababu ni karibu nasi, lakini ukaribu wenye maana hapa ni ule wa seva na data: ukisoma picha kutoka kanda nyingine, unalipia kila gigabaiti inayosafirishwa. Ramani yako ya mwisho, kwa pikseli za mita 30, itakuwa ya megabaiti kadhaa tu, nayo hata bando la simu litaipakua.

Kuhusu gharama, weka tahadhari ya bajeti (taarifa ya kukuonya matumizi yanapofikia kiasi ulichopanga) kabla ya kuwasha chochote, ukijua kwamba kwa kawaida hukutumia ujumbe tu, haizimi seva. Aidha, seva iliyozimwa bado hutozwa ada ya diski yake, hivyo ukimaliza kazi na kupakua matokeo, futa seva pamoja na diski yake.