Kwa muuguzi wa Kusini anayetaka kusoma uzamili ili akafundishe

Nilifanya kazi wodi ya wazazi mkoani Lindi miaka tisa kabla ya kwenda kusoma uzamili wa uuguzi. Sasa ni mkufunzi Mtwara, na haupiti mwezi bila muuguzi kunipigia simu: "Dada, nataka kusoma masta nikafundishe, nianzie wapi?" Wengi wanategemea nitaje chuo na ada. Nitafika huko, ila kwanza naomba nikusimulie habari ya dripu.

Mwaka mmoja kabla sijaondoka nilipewa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mpole kutoka Newala. Daktari alikuwa amemwandikia mama mmoja lita moja ya maji kwa saa nane. Nikamwita yule binti aone. Nikashika mpira wa dripu, nikatazama chemba, nikasogeza kile kigurudumu kwa dole gumba, nikamuuliza, "Umeona?" Akajibu, "Nimeona, sista." Kesho yake akampangia mama mwingine nusu lita iende saa nne. Ikaisha kwa saa moja na kidogo. Mungu saidia, mama hakudhurika. Nilimfokea binti mbele ya wagonjwa, naye akalia chooni.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimfundisha nini hasa? Hakuna hesabu niliyomwonyesha. Mimi mwenyewe nilishaacha kuhesabu miaka mingi; macho yangu yalizoea mwendo wa matone, basi. Alichokiona ni dole gumba tu.

Jibu nililipata darasani. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alieleza hatua tano ambazo muuguzi hupita kutoka kuwa mgeni wa kazi hadi kuwa mbobezi, na akaonyesha kuwa mbobezi hafuati tena kanuni mojamoja. Anaiona hali nzima kwa mara moja. Nilijiona mle. Uzoefu unaokufanya tegemeo la wodi ndio huohuo unaokufanya uruke hatua unapomwelekeza mwanafunzi. Ndiyo maana namwambia kila anayenipigia: usiende uzamili ukidhani miaka yako ya kazi imeshakufanya mwalimu. Nenda ukajifunze kufundisha, kama ulivyojifunza kudunga sindano mara ya kwanza.

Kuna utaratibu wa kufundisha kazi ya mikono kwa hatua nne, wa daktari mpasuaji Peyton wa Uingereza, ambao nautumia kila wiki. Unafanya kazi kwa kasi ya kawaida, kimya. Unarudia polepole ukieleza. Mara ya tatu unafanya wewe, lakini mwanafunzi ndiye anayekuelekeza kwa mdomo. Mwisho anafanya mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo wakufunzi wengi tunairuka kwa sababu ya haraka, na hapo ndipo kosa linapojitokeza. Chukua ileile lita moja. Mililita 1,000, kwa seti ya dripu inayotoa matone 20 kwa kila mililita, ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, unapata kama matone 42 kwa dakika. Mwanafunzi akikuambia "gawanya kwa nane", umeshamjua: hajageuza saa kuwa dakika. Unamrekebisha palepale, mgonjwa akiwa salama na mwanafunzi bila aibu. Laiti ningeyajua haya siku ile.

Sasa chuo. Uzamili wa uuguzi unasomwa Muhimbili, Chuo Kikuu cha Dodoma, na kwingineko. Usiangalie jina la chuo peke yake. Omba orodha ya masomo, utazame kama kuna somo la kuandaa mtaala, la kupima wanafunzi, na muda wa kusimama darasani ukisimamiwa. Unaweza kuhitimu ubingwa wa wagonjwa mahututi ukawa hodari kweli, halafu ukashindwa kutunga mtihani wa vituo (OSCE), ambapo mwanafunzi anahama kituo hadi kituo akipimwa kwa vitendo, ule alioubuni daktari Harden kule Dundee, Scotland, miaka ya 1970, ambao leo wanafunzi wetu wanaufanya wakitetemeka. Kutunga kituo kimoja cha dakika tano kinachopima unachotaka kupima kulinichukua siku mbili.

Swali la utafiti lichukue wodini kwako. Mimi nilichunguza jinsi wakunga wanavyojaza chati ya uchungu, ile ya kufuatilia mama anavyoendelea hadi kujifungua, jambo lililokuwa linanikera siku zote. Shule tuliyosoma inabadilika pia: tulifundishwa uchungu kamili unaanza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya unaoanzia sentimita 5. Ukifundisha kwa daftari lako la zamani utawapotosha watoto wa watu.

Dodoso liandike kwa Kiswahili, ulijaribu kwa wenzako kwanza. Langu lilikuwa na swali, "Je, unaridhika na usimamizi?" Wote kumi wakajibu ndiyo, maana inchaji, yaani mkuu wa wodi, alikaa hapohapo mezani. Niliyatupa majibu yale nikaanza upya kwa karatasi za kukunja na boksi la kadibodi. Jipe na nafasi ya miezi ya ziada. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, nilikwama Lindi na madodoso yangu huku msimamizi akinisubiri.

Ruhusa na pesa: hakikisha umethibitishwa kazini, na uombe jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri mapema, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ihuishe hata ukiwa masomoni. Kama ada unaitegemea korosho, kumbuka chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba wakati minada ndiyo kwanza imeanza, na malipo ya mkulima yanaweza kuchelewa. Awamu ya kwanza uwe nayo mkononi tangu msimu uliopita. Nilisajiliwa kwa kuchelewa wiki tatu kwa sababu hiyo, nikakosa vipindi vya takwimu ambavyo nilivihitaji kuliko vyote.

Kabla ya hayo yote, wiki ijayo mwombe inchaji akupe mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo, wako peke yako, kwa wiki mbili. Chagua kazi moja unayoifanya bila kufikiri, kuweka kanula (kile kimpira cha kwenye mshipa) au kupima presha, umwambie akuelekeze hatua kwa hatua wewe ukiifanya. Andika kila mahali aliponyamaza. Ukija kunipigia simu, uje na hiyo karatasi, tutaanzia hapo.