Anayemkanda mama mgongo, kasajiliwa wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Leicester. Mama yangu ana miaka 67, amekuja kukaa nami, na ni miezi miwili sasa analalamika mgongo na shingo. Anameza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa ajili ya moyo. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna ndugu anasifiwa sana, anajiita "manual therapist", pauni 45 kila kipindi. Ana vyeti vitatu ukutani, ana bima, na kampuni yake imesajiliwa. Juzi alimkanda mgongo. Wiki ijayo anasema atampindua shingo "kurudisha pingili mahali pake". Je, ana leseni ya kazi hii? – Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, binti. Ila mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa kuwa swali lako lote ni la majina, heri tuanze na langu.

Miadi ya wiki ijayo ifute. Sababu inakuja.

Umeuliza kama ana leseni. Uingereza haina leseni ya taifa ya kukanda watu. Sheria ya hapa hailindi kazi ya mikono, inalinda maneno. Hakuna kifungu kinachomkataza mtu asiyesajiliwa kumpindua mama yako shingo mama akikubali. Kinachokatazwa ni kujiita majina fulani. "Physiotherapist" na "physical therapist" ni ya waliosajiliwa na HCPC, baraza la wataalamu wa afya, tu. "Osteopath", naye hutibu mifupa na viungo kwa mikono, linalindwa na sheria ya 1993, rejista yake iko General Osteopathic Council. "Chiropractor", mtibu mgongo kwa mikono, ni sheria ya 1994, chini ya General Chiropractic Council. "Manual therapist" halimo popote. Wala "sports therapist", wala "massage therapist", wala "bingwa wa mgongo" kwa lugha yoyote ile. Kesho asubuhi ukitaka kuliandika mlangoni pako, andika.

Na hayo matatu uliyonitajia ndiyo ninayoletewa kila siku kama ushahidi. Kampuni kusajiliwa Companies House, rejista ya makampuni, maana yake ipo kama biashara, basi. Muuza sambusa naye anasajili. Bima inamlinda yeye akishtakiwa, na mwenye diploma ya masaji ya ngazi ya 3 huuziwa bila shida. Mwombe akuonyeshe ukurasa wenye orodha ya kazi zilizokingwa, utafute kama kupindua shingo kwa kasi kumetajwa. Vyeti navyo visome, usivihesabu. Diploma ya masaji ni ya miezi. Fiziotherapia ni shahada, miaka 3 England na 4 Scotland, ndani yake saa zipatazo 1,000 za kushika wagonjwa chini ya usimamizi. Fremu ya dhahabu haitofautishi hivyo viwili.

Kuna pia rejista za hiari. Baadhi zimekaguliwa na zina maadili mazuri, na mkandaji mzuri wa misuli anaweza kuwa humo. Lakini akifutwa huko Ijumaa, Jumatatu anafungua chumba kama kawaida. Mfiziotherapia aliyefutwa HCPC akiendelea kujiita hivyo anaingia kwenye kosa la jinai. Hapo ndipo tofauti ilipo: mbele ya asiyesajiliwa, mambo yakiharibika, huna baraza la kumpeleka. Unabaki na polisi, mahakama ya madai na maneno ya kundini.

Utaratibu wa kumkagua ni wa dakika tano. Muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye rejista, na ni rejista ipi. Watu wetu hujulikana kwa jina moja mtaani na jingine kwenye pasipoti, kwa hiyo "Mwalimu Juma" hutampata. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya baraza husika, usitumie kiungo alichokutumia yeye wala picha ya cheti, kwa sababu cheti hakijui kama mwenyewe alisimamishwa mwezi uliopita. Namba ya mfiziotherapia huanza na PH. Tazama kama usajili uko hai na kama amewekewa masharti ya kazi. Na "Dr" mbele ya jina isikutishe: "chiropractor" wengi hulitumia hapa, na si madaktari wa hospitali.

Mtu akikwambia alikuwa mfiziotherapia hospitali kubwa ya rufaa nyumbani kwa miaka 20, huenda ni kweli tupu, na huenda mikono yake ni bora kuliko yangu. Hata hivyo jina hilo haruhusiwi kulitumia hapa mpaka HCPC imsajili. Wengi waaminifu hufanya kazi kama wasaidizi wakingoja. Anayekwepa foleni kwa kubadili neno moja mlangoni ndiye wa kumtilia shaka.

Sasa shingo. Mishipa miwili ya damu ya kwenda ubongoni hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo. Kuipindua kwa kasi kunaweza kuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda, kikafuata kiharusi. Ni nadra, lakini hutokea, na kwa mtu wa warfarini hatari ya kuvuja damu ni kubwa zaidi. Kabla ya kugusa, mtaalamu huuliza dawa, presha, mifupa kudhoofika, saratani ya zamani, kupungua uzito, maumivu ya usiku. Kisha hupima nguvu za mikono na miguu. Huyu warfarini aliiuliza? Na hiyo "pingili kurudi" haipo. Ule mlio ni gesi ndani ya maji ya kiungo, sawa na wa vidole ukivivunja.

Mama akifa ganzi sehemu za siri, akashindwa kukojoa, au miguu yote miwili ikalegea, ni A&E (idara ya dharura ya hospitali) saa hiyohiyo. Akipata kizunguzungu cha ghafla, ulimi mzito au uso kupinda upande, piga 999, namba ya dharura. Hayo yasipokuwepo, mpeleke kwa GP, daktari wa mtaani kwenu. Mama anayemeza warfarini aonwe kabla ya mtu yeyote kumkanda tena. Maeneo mengi ya England unaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwa fiziotherapia ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Foleni ipo, ndiyo.

Ukiona tangazo lake limeandika "physiotherapist" na kwenye rejista hayumo, usigombane naye kundini, atalifuta. Piga picha ya skrini yenye tarehe, hifadhi risiti yenye jina hilo, upeleke HCPC.