Maswali ya Wasomaji: Linux Haioni Kumbukumbu ya Flashi Kwenye Bodi Yetu

SWALI: Ndugu Mtaalamu, tunatengeneza kifaa cha kudhibiti pampu za maji. Bodi yake ina chipu ya flashi aina ya NOR ya megabaiti 16, iliyounganishwa na prosesa kwa njia ya data ya biti 16. U-Boot, yaani programu inayowasha bodi kabla ya Linux, iliyomo ndani ya chipu hiyo inawaka vizuri, na Linux tunaipakia kupitia mtandao. Hata hivyo, Linux ikishawaka, faili la /proc/mtd, linaloorodhesha flashi ambazo Linux imeziona, linaonyesha mstari wa vichwa tu. Je, inatubidi kuandika kiendeshi (driver) kipya? Na flashi ikishaonekana, tunaweza kuweka mfumo wa mafaili wa ext4 juu yake kama tulivyozoea kwenye kadi za SD? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa bodi uliyoieleza sioni haja ya kuandika kiendeshi. Ndani ya kiini (kernel) cha Linux kazi ya flashi imegawanywa katika tabaka liitwalo MTD: upande mmoja kuna msimbo unaojua amri za kila ukoo wa chipu, na upande mwingine kuna msimbo unaojua chipu imewekwa kwenye anwani gani na njia yake ya data ina upana gani. Zamani karibu kila bodi ililetewa faili lake dogo katika saraka ya drivers/mtd/maps, na mengi ya mafaili hayo bado yapo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kiendeshi cha jumla kiitwacho physmap, ambacho husoma maelezo ya bodi kutoka kwenye mti wa vifaa (device tree), yaani faili linalokieleza kiini vifaa vilivyopo kwenye bodi. Kinachokosekana kwenu, kwa kadiri ninavyoona, ni maelezo hayo.

Kabla ya kugusa kiini, iulizeni chipu yenyewe. Chipu nyingi za NOR hufuata kanuni ya CFI (Common Flash Interface), yaani ukiandika 0x98 kwenye neno la 0x55, chipu huacha kutoa data ya kawaida na kuanza kujieleza. Kwa kuwa njia yenu ni ya biti 16, neno la 0x55 ni baiti ya 0xAA kutoka mwanzo wa chipu. Kwenye U-Boot tumieni mw.w kuandika 0x98 mahali hapo, kisha md.w kusoma maneno matatu kuanzia baiti ya 0x20. Mkiona 0051, 0052 na 0059, hizo ni herufi Q, R na Y, na chipu imewaitikia. Baiti ya 0x4E itawapa ukubwa kama kipeo cha mbili, na kwa megabaiti 16 inapaswa kuwa 0x18. Jaribio hili lifanyeni U-Boot ikiwa tayari imejihamishia kwenye RAM, kama inavyofanya kwa kawaida, maana chipu iliyo katika hali ya kujieleza haiwezi kuendelea kutoa maagizo ya programu. Mkimaliza, irudisheni katika hali ya kusomwa kwa 0xF0 ikiwa ni ya ukoo wa AMD, au 0xFF ikiwa ni ya ukoo wa Intel. Nalisisitiza jaribio hili kwa sababu U-Boot kuwaka kunathibitisha kusoma peke yake. Jibu la QRY linathibitisha pia kwamba waya wa kuandikia unafika kwenye chipu.

Chipu ikijibu, ongezeni kwenye mti wa vifaa nodi yenye compatible ya "cfi-flash", reg yenye anwani ya mwanzo na urefu wa 0x01000000, na bank-width ya 2. Hakikisheni kiini kimejengwa na CONFIG_MTD_CFI, CONFIG_MTD_PHYSMAP_OF, na msimbo wa ukoo wa chipu yenu, yaani CONFIG_MTD_CFI_AMDSTD au CONFIG_MTD_CFI_INTELEXT. Angalieni pia rejista za prosesa zinazofungua dirisha la anwani za flashi: dirisha la megabaiti 8 mbele ya chipu ya megabaiti 16 litaficha nusu ya pili hata kama mti wa vifaa umeandikwa sawasawa.

Mipaka ya sehemu mtakazogawa iangukie mwanzo wa bloku za kufutia, ambazo katika chipu za ukubwa huu kwa kawaida ni kilobaiti 64 au 128. Sehemu isiyoanzia hapo, kiini huilazimisha kuwa ya kusomwa tu. Sehemu ya U-Boot ipeni alama ya read-only kwa makusudi.

Kuhusu ext4, jibu langu ni hapana. Kufuta flashi hugeuza biti zote za bloku kuwa 1, na kuandika huweza tu kushusha 1 kuwa 0. Kwa hiyo kubadilisha baiti chache huweza kudai bloku nzima ifutwe. Kadi ya SD ina kidhibiti chake ndani kinachoshughulikia jambo hilo, lakini NOR tupu haina. Mkipitia mtdblock, bloku nzima itasomwa kwenye RAM, ifutwe, kisha iandikwe upya, na umeme ukikatika katikati mtapoteza hata mafaili ambayo hayakuguswa. Kwa kifaa kinachokaa kwenye nyumba ya pampu, ambako umeme hukatika bila taarifa, jambo hilo halikubaliki. Kwa megabaiti 16 ningechagua JFFS2, mfumo wa mafaili uliotengenezwa kwa ajili ya flashi tupu, iliyoingia katika kiini mwaka 2001 na ambayo huandika kila badiliko mahali papya. Programu zisizobadilika ziwekeni kwenye squashfs, mfumo wa mafaili wa kusomwa tu. UBIFS, mfumo mwingine wa flashi wa mwaka 2008, ni bora kwa flashi kubwa, ambako JFFS2 huchelewa kupandishwa (mount).

SWALI: Bodi yetu mpya ina flashi ya aina nyingine, NAND, ya megabaiti 128, na mara ya kwanza kuwashwa Linux ilitaja bloku tatu mbovu. Je, tumeuziwa chipu mbovu? — Msomaji, Mombasa

JIBU: La. NAND huuzwa ikiwa na bloku chache mbovu. Kwa chipu ya bloku 1,024 watengenezaji kwa kawaida huahidi angalau 1,004 nzima. Kiwandani bloku hizo hutiwa alama katika baiti za ziada za kurasa zake, na kiini huzisoma alama hizo ili kuziruka. Amri ya U-Boot ya nand scrub hufuta alama hizo pamoja na kila kitu kingine, na zikishafutwa hakuna njia ya uhakika ya kuzirudisha. Tumieni nand erase, na kabla ya lolote jingine iandikeni orodha inayotolewa na nand bad, muihifadhi pamoja na namba ya bodi.